KAMBI YA NGOMA KAMA DARASA
Mwanachuo akajifunze nini, na arudi na nini

Utangulizi

Mwanachuo apatapo nafasi ya kuhudhuria kambi ya ngoma na utamaduni, kwa kawaida hurudi chuoni akiwa na furaha nyingi na daftari lililojaa. Ndani ya daftari hilo mna maneno ya nyimbo saba au nane, michoro ya hatua za kucheza, na majina ya ngoma na vyombo. Juma chache baadaye hupelekwa katika mazoezi ya kufundisha, akafungua daftari, akachagua wimbo uliompendeza, akauandika ubaoni na kuwaambia watoto waukariri. Watoto hukariri, mgeni akija hucheza mbele yake, na somo huhesabiwa kuwa limefaulu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mwanachuo huyo amebeba kilicho chepesi na kuacha kilicho kizito. Nyimbo si faida kubwa ya kambi. Faida kubwa ni mambo mawili. La kwanza ni namna wazee wanavyofundisha, kwa maana wao ni walimu wenye mbinu zao. La pili ni mipaka, yaani kujua ni jambo gani lililo la watu wote na ni lipi lililo la wachache. Mwalimu asiyejua mbinu hiyo atafundisha ngoma kama anavyofundisha tahajia. Asiyejua mipaka anaweza kuiharibu shule mbele ya wananchi wanaoizunguka. Tutakitumia kijiji cha Fukayosi, wilayani Bagamoyo, kwa mfano, ila yanayosemwa hapa yanaweza kufuatwa mahali popote.

Kambi si jambo geni

Wapo wanaodhani kwamba kambi ya mafunzo ya utamaduni ni fikra iliyoletwa na wageni. La hasha. Katika mwambao wetu jando na unyago vilikuwa kambi kamili. Vilikuwa na mahali pake palipotengwa, muda wake, walimu wake wenye vyeo, na mtihani wake. Wavulana walikaa kumbini chini ya nyakanga. Wasichana waliwekwa ndani na kufundwa na kungwi, na miongoni mwa Wazaramo na Wakwere sehemu ya mafunzo hayo ilifanyika chini ya mti wa mkole. Humo wimbo ulikuwa ndicho kitabu. Mambo ya adabu, kazi, afya na ndoa yaliwekwa katika nyimbo fupi zenye mafumbo, ili yakumbukwe na mwenye haki ya kuyajua, na yasieleweke kwa apitaye njiani.

Taifa lilipopata uhuru suala la ngoma lilipewa uzito wake. Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba watu wengi waliosoma walizijua dansi za Ulaya kuliko ngoma za kwao. Baadaye katika miaka hiyo ya 1960 kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tamasha lake lilianza mwaka 1982. Mmoja wa wasanii waliohusishwa sana na mji huo alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo, fundi wa zeze na ilimba, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuufikisha muziki wa Wagogo katika nchi nyingi. Ufundi wake haukuanzia katika nota zilizoandikwa. Aliupata kwa sikio na mkono, na ndivyo alivyowarithisha jamaa zake, ambao baadhi yao wanaendelea kupiga na kuimba hata sasa.

Hodi na karibu

Kabla ya kwenda Fukayosi yafaa tutazame mbali kidogo, katika visiwa vya Hawaii vilivyomo katika bahari ya Pasifiki. Watu wa huko wana ngoma yao iitwayo hula. Mwaka 1830 malkia Kaʻahumanu, aliyekuwa amebatizwa, alipiga marufuku kuichezea hadharani, na ni mfalme Kalākaua aliyeirudishia heshima yake katika sherehe ya kutawazwa kwake mwaka 1883. Lugha yao nayo iliondolewa katika kufundishia shuleni kwa sheria ya mwaka 1896, na ilifika mwaka 1978 ndipo ikawekwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya huko. Siku hizi watu kutoka Marekani bara, Japani na kwingineko huenda katika kambi za muziki na utamaduni wa Hawaii ili kujifunza hula na kupiga ukulele, kinanda kidogo cha nyuzi nne kilichotokana na vinanda vya Wareno waliofika huko kutoka kisiwa cha Madeira mwaka 1879.

Lililo muhimu kwetu ni desturi moja ya shule zao za hula. Mwanafunzi haingii ndani kama aingiavyo sokoni. Husimama mlangoni akaghani maneno ya kuomba kuingia, na mwalimu humjibu kwa kughani vilevile. Asipojibiwa hubaki nje. Kwa kufanya hivyo anakiri kwamba elimu ina mwenyewe, naye anakuja kwa mwenyewe kwa heshima.

Sisi tuna neno letu, nalo ni hodi. Mpita njia hata akiona mlango wazi hupiga hodi, akangoja karibu. Kuna tofauti kubwa kati ya mwanachuo aingiaye katika ngoma ya watu kwa hodi na yule aingiaye akiwa ameshika simu ya kurekodia. Wa kwanza hupewa wimbo na maana yake, lakini wa pili huondoka na sauti tu.

Jinsi wazee wanavyofundisha

Mwanachuo akiwa kambini na akae kama mwanafunzi, lakini atazame kama mwalimu. Akimtazama sogora akimfundisha kijana kupiga ngoma, ataona hatua zifuatazo.

Kwanza, kusikiliza huja kabla ya kutenda. Mwanafunzi huketi karibu na ngoma kwa muda mrefu bila kuigusa. Sisi walimu wa shule tuna haraka ya kutoa zana mikononi mwa watoto, nasi hushangaa wanapopiga kelele.

Pili, mdomo hutangulia mkono. Mapigo husemwa kwa silabi kabla ya kupigwa. Kijana asiyeweza kulisema pigo hawezi kulipiga, na akilisema sawasawa mkono hufuata bila taabu nyingi.

Tatu, hakuna anayefundishwa peke yake. Ngoma ni mazungumzo. Mmoja hushika pigo lisilobadilika, wa pili huingiza pigo linaloachana na la kwanza, wa tatu hupamba. Huko Pwani ngoma ndogo kama chapuo na ngoma nene kama vumi hazipigi jambo moja, ila kila moja hungoja nafasi iliyoachwa na mwenzake. Anayefundishwa pigo lake bila kusikia la mwenzake hajafundishwa ngoma.

Nne, kosa husahihishwa kwa kurudia. Fundi hatoi hotuba. Hupiga tena, na tena, mpaka mwanafunzi asikie mwenyewe alipopotoka.

Tano, chombo chenyewe hufundishwa. Kijana hujua mti uliochongwa, ngozi iliyowambwa, na jinsi ya kuikanza ngoma motoni hata sauti ikaze. Kwa sababu hiyo kambi hufaa ifanyike wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Wakati wa masika ngozi hunyonya unyevu na kulegea, na wenyeji wenyewe wako mashambani.

Jambo jingine la kutazamwa ni nani hupiga nini. Wanachuo wengi huwapa wavulana ngoma na wasichana makofi, wakidhani kwamba hiyo ndiyo mila. Miongoni mwa Wagogo ngoma za muheme hupigwa na wanawake. Mila zetu ni nyingi na hazifanani. Mwalimu asiitumie mila asiyoijua kuwanyima wasichana ngoma.

Wimbo wa nani?

Sasa tufike kwenye jambo zito. Katika shule moja ya mkoa wa Pwani, ambayo haina haja ya kutajwa, mwanachuo mmoja wa mazoezi aliwafundisha watoto wa darasa la nne wimbo alioupata kambini. Ulikuwa wimbo mfupi juu ya kinu na mchi, wenye kiitikio chepesi. Yeye aliuona kuwa wimbo wa kazi, akaambatanisha nao somo la vyakula. Watoto waliupenda, wakarudi nao nyumbani wakiuimba njiani. Bibi zao waliposikia walishika vichwa. Ulikuwa wimbo wa mwali, na kinu na mchi vilivyoimbwa humo havikuwa vya kutwangia mahindi. Kwa siku mbili baadhi ya wazazi hawakuwaruhusu binti zao kwenda shule. Walisema kwamba shule imewafunda watoto wao kabla ya wakati, mbele ya wavulana, na kwa kinywa cha mwalimu mwanamume.

Mwalimu mkuu alifanya la busara. Hakuwaita wazazi shuleni kuwaeleza, bali alikwenda mwenyewe kwao pamoja na mwanachuo, wakaomba radhi. Kisha akamwomba kungwi mmoja mzee awape watoto wimbo mwingine. Mama huyo alifika shuleni na kinu chake, akawafundisha wimbo wa kutwanga wa kweli, na akawaonyesha jinsi watwangaji wawili wanavyopishanisha michi bila kugongana. Wasichana walirudi. Somo hilo la pili lilikuwa bora kuliko la kwanza kwa kila kipimo cha ufundishaji.

Tukio hilo lisitufanye tuogope ngoma. Litufanye tuulize. Marehemu Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, ajulikanaye kama Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa mwimbaji wa taarabu na pia kungwi. Aliipiga ngoma ya unyago katika majukwaa ya nchi nyingi, lakini aliyefundwa naye ni mwali, si mtazamaji aliyekata tiketi. Yeye alijua mahali pa kugawa, kwa kuwa jambo lilikuwa lake. Mwanachuo hana haki hiyo, kwani yeye ni mgeni wa wimbo.

Basi, kabla ya kuubeba wimbo wowote kutoka kambini, mwanachuo amwulize aliyempa maswali matatu:

1. Wimbo huu huimbwa wakati gani, na haupasi kuimbwa wakati gani?
2. Huimbwa na nani, mbele ya nani?
3. Je, naruhusiwa kuwafundisha watoto wa shule, wavulana na wasichana pamoja?

Majibu yaandikwe katika daftari juu ya maneno ya wimbo, si chini yake. Swali la tatu likijibiwa kwa kicheko au kwa kimya, jibu ni hapana.

Mfano wa kambi ya siku nne

Fukayosi ipo katika barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata, mahali panapofikika kwa urahisi. Katika sehemu hizo za Bagamoyo wanaishi Wakwere, Wazaramo, Wadoe, Wazigua na wengine wengi, kwa hiyo mwanachuo hukutana na zaidi ya mila moja. Chuo kinaweza kupanga kambi kama ifuatavyo.

Siku ya kwanza ni siku ya hodi. Wanachuo wafike kwa mtendaji wa kijiji, kwa mwalimu mkuu, kisha kwa wazee wenyewe. Siku hiyo wasishike ngoma wala kurekodi. Waeleze wametoka wapi na wanataka nini, wakubaliane juu ya malazi, chakula, na malipo ya wazee. Wazee hao ni walimu, na siku wanayotupa ni siku ya kazi waliyoiacha. Si haki chuo kimlipe dereva wa gari kisha kimpe sogora shukrani peke yake.

Siku ya pili ni ya sikio na mwili. Asubuhi wanachuo wasikilize, wayaseme mapigo kwa mdomo, wacheze. Daftari lifunguliwe jioni tu, mtu aandike alichokumbuka. Alichosahau ndicho atakachokiuliza kesho yake.

Siku ya tatu ni ya kazi na wimbo. Wanachuo waende shambani, kisimani na jikoni pamoja na wenyeji. Wimbo wa kutwanga ujifunzwe kinuni na wimbo wa kulima ujifunzwe jembeni, maana mwendo wa wimbo wa kazi hutokana na mwendo wa mwili.

Siku ya nne ni ya kurudisha. Kila mwanachuo afundishe wimbo mmoja mbele ya wazee, kana kwamba wao ni darasa lake. Wazee wamsahihishe. Mwishowe waketi pamoja, wapitie orodha ya nyimbo zote, na wazee waseme upi uende shule na upi ubaki kijijini. Siku hii isifupishwe wala kuachwa, kwani ndiyo mtihani wa kambi nzima.

Andalio la somo la mfano

Somo: Sanaa na Michezo. Darasa la IV. Muda: dakika 40.

Shabaha: mwisho wa somo kila mtoto aweze kushika pigo lake huku akisikia pigo tofauti la mwenzake.

Zana: mikono, miguu, ngoma moja, na uwanja wenye kivuli. Shule isiyo na ngoma itumie dumu tupu.

Hatua ya kwanza (dakika 5). Watoto wasimame duara, wahesabu kwa sauti na kwa mwendo ulio sawa kutoka moja hadi sita, kisha waanze tena bila kusita. Lugha yetu inatusaidia hapa, maana moja, mbili, tatu, nne, tano na sita kila moja ina silabi mbili, na hesabu hutembea bila kuyumba.

Hatua ya pili (dakika 10). Kundi A lipige makofi katika moja, tatu na tano. Likizoea, lipumzike. Kundi B likanyage ardhi katika moja na nne. Lirudie mpaka lizoee.

Hatua ya tatu (dakika 10). Makundi yote mawili yafanye pamoja. Yatakutana katika moja tu. Kisha A watapiga katika tatu, B katika nne, na A tena katika tano, na patakuwa kimya katika mbili na sita. Pigo hilo la matatu kwa mawili ndilo uti wa mgongo wa ngoma nyingi za Afrika. Kundi likipotea, mwalimu asilikemee. Alirudishe katika kuhesabu. Kisha makundi yabadilishane kazi.

Hatua ya nne (dakika 10). Hesabu isemwe kimoyomoyo, makofi na miguu viendelee. Mwalimu au mzee mwalikwa aanzishe wimbo ulioruhusiwa, ambao mwendo wake unakubali pigo hilo, na watoto waitikie.

Hatua ya tano (dakika 5). Watoto waketi. Mwalimu aulize: Ulisikia nini kwa kundi la pili? Ni nani nyumbani kwenu anayejua wimbo kama huu? Watoto waagizwe kwenda kumwuliza mtu huyo maswali mawili ya kwanza kati ya yale matatu.

Tathmini: mwalimu apite kati ya watoto katika hatua ya tatu na kuandika majina ya walioshika pigo na waliopotea. Asipime kwa uzuri wa mavazi wala kwa makofi ya wageni. Ngoma inayofundishwa kwa ajili ya siku ya wageni tu huwapa nafasi watoto kumi hodari, na wengine thelathini huwa watazamaji katika darasa lao wenyewe.

Hitimisho

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mtoto wa Fukayosi anapoona bibi yake ameitwa shuleni kufundisha, naye mwalimu ameketi akimsikiliza, hujifunza jambo lisiloandikwa katika muhtasari wowote: kwamba nyumbani kwao kuna elimu. Mwalimu naye hupata msaidizi ambaye hatapelekwa kwa uhamisho. Lakini hayo hayapatikani kwa kubeba nyimbo ndani ya daftari. Yanapatikana kwa mwalimu aliyekubali kuwa mwanafunzi kwanza, akapiga hodi, akangoja karibu.

Mazoezi

1. Chagua wimbo mmoja unaoujua tangu utotoni. Ujibu yale maswali matatu. Kama huwezi, mtafute anayeweza.
2. Fanya pigo la matatu kwa mawili pamoja na mwenzako mmoja kwa dakika mbili bila kupotea. Eleza mlipokosea na mlivyojirudisha.
3. Tunga andalio la somo la dakika 40 linalomshirikisha mzee mmoja wa kijiji kilicho jirani na chuo chenu. Onyesha mwalimu atafanya nini wakati mzee anapofundisha.
4. Jadilini: wimbo wa unyago ukisikika redioni kila siku, je, mwalimu anaruhusiwa kuufundisha shuleni? Toeni sababu za pande zote mbili.